Kiwanda kikifungwa Krismasi: piga hesabu ya likizo kabla hujakata tiketi

Notisi hubandikwa ubaoni mwanzoni mwa Desemba: tunafunga Ijumaa tarehe 19 jioni, tunafungua Jumatatu tarehe 5 Januari. Wengi hufurahi, wakakimbilia kukata tiketi za basi. Kama ndiyo kwanza umeajiriwa, isome notisi hiyo mara ya pili. Angalia kama imesema siku hizo zinatoka wapi: kwenye likizo yako ya mwaka, au mwajiri anakupa tu. Ikiwa haijasema, uliza sasa. Ukirudi Januari utakuta zimeshakatwa.

Kwa Tanzania Bara, mambo haya yanaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 (Zanzibar ina sheria yake). Mwajiri ndiye anayepanga lini uende likizo, mradi likizo hiyo isicheleweshwe kupita miezi 6 baada ya mzunguko wako wa miezi 12 (unaohesabiwa tangu ulipoajiriwa) kwisha. Ukikubali, na kazi ikalazimu kweli, muda huo unaweza kufika miezi 12. Kwa hiyo kufunga kiwanda na kuzihesabu siku hizo kuwa likizo ya mwaka si kosa, na usipoteze nguvu kubishania hilo. Haki ya mfanyakazi hupotelea kwenye hesabu.

Sheria inatoa siku zisizopungua 28 mfululizo, na sikukuu zinazoangukia ndani ya likizo zimo humo humo. Hizo ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili pia zinahesabiwa. Baadhi ya mikataba lakini huandika siku 20 za kazi, ambazo kwa anayefanya kazi siku 5 kwa wiki ni wiki nne zile zile. Sasa chukua kalenda ya Desemba 2025. Kuanzia Jumatatu tarehe 22 hadi Jumapili tarehe 4 Januari ni siku 14 za kalenda. Ukitoa 14 kwenye 28, unabaki na 14. Ukihesabu siku za kazi peke yake, ukaacha tarehe 25, 26 na 1 kwa kuwa ni sikukuu, zinatumika 7, na kwenye 20 unabaki na 13. Njia zote mbili ni halali kulingana na mkataba wako. Balaa huja pale ofisi inapochanganya: mkataba unasema 20 za kazi, fomu inakata 14 za kalenda, unabaki na 6. Wiki nzima na ushee imeyeyuka, na hakuna aliyekusudia kukuibia. Karani amejaza tarehe mbili na kompyuta imetoa jibu. Ndiyo maana kabla ya kusaini fomu ya likizo, soma sehemu ya salio na uilinganishe na mkataba.

Sheria inasema siku 28 ziwe mfululizo. Zikigawanywa, nusu Desemba na nusu baadaye, makubaliano hayo yaandikwe na tarehe za nusu ya pili zitajwe. Ahadi ya mdomo ya "tutaona Juni" husahaulika upesi.

Mshahara wa siku za likizo unapaswa kulipwa kabla likizo haijaanza. Kwa mfano wetu, ni kabla hujatoka getini Ijumaa ile.

Wewe ulioajiriwa Oktoba, sikiliza vizuri zaidi. Chini ya miezi 6 ya utumishi, sheria bado haijakupa haki ya likizo yenye malipo. Hapo ndipo wengine huambiwa, "Huna siku, kwa hiyo hulipwi." Usikubali haraka. Kama una mkataba wa mshahara wa mwezi na ulikuwa tayari kufanya kazi, aliyefunga geti ni mwajiri, na sheria haimruhusu kukata mshahara kienyeji. Omba mojawapo ya mambo mawili: upangiwe kazi nyingine kipindi hicho (kuhesabu stoo, usafi wa mashine), au ukopeshwe siku zitakazofidiwa na likizo utakayoipata baadaye. Likizo bila malipo iwe ya mwisho, na kwa saini yako tu. Andika ujumbe mfupi, ubaki na nakala: "Naomba kuthibitishiwa kwa maandishi kama siku za tarehe 22 Desemba hadi 4 Januari zitalipwa, na zitakatwa kwenye likizo ipi."

Ukibaki zamu wakati wenzako wamekwenda, saa utakazofanya siku ya sikukuu hulipwa mara mbili ya mshahara wa msingi. Kiwango cha saa hupatikana kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 mara saa zako za wiki. Mshahara wa 450,000 kwa saa 45 ni kama 2,308 kwa saa, hivyo Krismasi ni kama 4,616 kwa saa. Mameneja wanaosimamia wafanyakazi wengine na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawamo kwenye kanuni hii.

Ukiwa likizo, mwajiri haruhusiwi kukufanyisha kazi. Akikuita tarehe 29 upakie gari, siku hiyo si likizo tena. Saini daftari la mahudhurio na udai irudishwe. Ukiugua, siku za ugonjwa ni likizo ya ugonjwa, haziwezi kufichwa ndani ya likizo ya mwaka, ila lete cheti cha daktari aliyesajiliwa.

Ikishindikana kuelewana, anza na tawi la chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi, kisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya mshahara na likizo hufunguliwa ndani ya siku 60, kwa fomu namba 1, na nakala apewe mwajiri. Ukirudi Januari ukakuta geti limefungwa na umeambiwa huna kazi tena, huo ni mgogoro wa kuachishwa, na muda wake ni siku 30 tu.