Transfa ya Discovery kwenye Land Rover 110: nifunge au niache?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Mambrui, nina Land Rover 110 ya 1986. Ilikuja na injini ya petroli ya 2.5, sasa ina 300Tdi iliyotoka kwenye Discovery. Giaboksi ya LT77 na transfa ni zake za tangu mwanzo. Kazi yake ni kuwapeleka wageni Marafa na Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala, na mara nyingine Mombasa. Kwenye lami ikifika 80 injini inalia mpaka hatusikizani. Kuna fundi Malindi mjini ana transfa ya Discovery, anasema nikiifunga gari litatulia na mafuta yatapungua. Je, nifunge? Mchangani itakuwaje? Na spidomita haitadanganya?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiifunge bado. Transfa ya Discovery si mbovu, na itaingia kwenye gari lako bila kukata chuma. Ila kwa kazi unayoifanya imepita kiasi, na hiyo uliyonayo sasa yaelekea haijafika kiasi. Baina yao kuna ya tatu, na hiyo ndiyo nitakayokuomba uitafute.

Transfa ni boksi la gia linalopokea nguvu kutoka giaboksi na kuzigawa mbele na nyuma. Hizi zote ni za aina ya LT230, na kwa nje zafanana. Tofauti iko ndani, kwenye gia za hai, yaani za mwendo wa kawaida; lo ni zile za mwendo wa pole wenye nguvu. Ya Discovery ya kwanza ni 1.22, maana yake shafti itokayo kwenye giaboksi huzunguka mara 1.22 ndipo propela, ile shafti ipelekayo mzunguko kwenye difu, izunguke mara moja. Defender 90 na 110 zilizotoka na injini za Tdi zina 1.41. Na 110 nyingi za miaka ya 1980, zenye injini za silinda nne zilizokuwa hazina ubavu, zilipewa 1.667 ili injini iweze kulikokota gari zito kama lile. Gari lako la 1986 mimi naliweka kwenye kundi hili la mwisho mpaka uhesabu mwenyewe. Nitakueleza namna ya kuhesabu.

Lililotokea ni kwamba injini ilibadilishwa, transfa ikaachwa vilevile. 300Tdi ina nguvu za farasi 111, na mvuto wake mkubwa, newtonimita 265, huutoa ikiwa mizunguko 1,800 tu kwa dakika. Ni injini ya kuvuta chini, haitaki kukimbizwa. Wewe umeifungia gia za injini iliyokuwa haivuti mpaka ilie, ndiyo maana nayo inalia.

Tuzitie hesabuni. Difu zako ni 3.54 mbele na nyuma, yaani propela huzunguka mara 3.54 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Tairi za 7.50R16 hutembea takriban mita 2.45 kwa mzunguko mmoja. Gia ya tano nimeichukua ile ya 0.77, baadhi ya LT77 zina 0.83, na ikiwa yako ni hiyo, ongeza mizunguko karibu asilimia 8. Ukiwa gia ya tano mwendo wa 80, kwa transfa ya 1.667 injini iko kwenye mizunguko 2,470. Kwa 1.41 inashuka mpaka 2,090. Kwa 1.22 inafika 1,810. Ukienda 100, hesabu ni 3,090, kisha 2,610, kisha 2,270.

Fundi wako ukimwonyesha hesabu hizo atakwambia, "Si unaona? 1.22 ndiyo imetulia kuliko zote." Kweli imetulia, kwa mtu aendeshaye gari tupu kwa 100 na zaidi. Wewe unabeba abiria kwa malipo. Kikomo chako kisheria ni 80, na kidhibiti mwendo kinakufunga hapohapo. Kwa 1.22, ukiwa 80 kwenye gia ya tano, injini ndiyo kwanza imeifikia ile 1,800 yake. Gari likiwa na wageni saba, mizigo juu ya keria na upepo wa kusi unakupiga usoni, kilima kidogo tu kinaishusha chini ya hapo. Tabo inaacha kusukuma, moshi mweusi unatoka, joto linapanda, nawe unarudi gia ya nne. Utakuwa na gia ya tano usiyoitumia. Kwa 1.41 gia hiyohiyo inaanza kufaa kwenye mwendo wa 70 hivi, na ukifika 80 injini ina akiba ya kupandia. Kwa gari la wageni linalotoka Malindi, 1.41 ndiyo mahali pake, wala sioni sababu ya kwenda zaidi ya hapo.

Ukija mchangani, hoja inazidi nguvu. Watu hudhani kubadilisha transfa kunabadilisha na lo pia. Kwa LT230 sivyo: lo ya zote tatu ni 3.32. Gia ya kwanza ya lo itabaki na uwiano wa jumla wa karibu 42, kwa hiyo kuteremka makorongo ya Marafa kwa breki ya injini kutakuwa kama unavyokujua leo. Kinachobadilika ni hai. Leo ukiondoka kwa gia ya kwanza ya hai una 21. Kwa 1.41 utakuwa na 18, na kwa 1.22 utakuwa na 15.5. Kuondoka kwenye mchanga mlaini wa pwani ya Mambrui, gari limejaa, kwa 15.5, ni kuichoma klachi. Utainusa kabla hujatembea hatua kumi.

Hata kwa 1.41 itakubidi ubadili desturi kidogo. Mahali ulipozoea kuondoka na hai, tia lo uondoke kwa gia ya pili. Land Rover hii huendesha magurudumu yote manne wakati wote, kwa hiyo lo waweza kuitumia kwenye ardhi ngumu kavu bila kutia difu loki (kufuli inayozifanya propela za mbele na nyuma zizunguke pamoja), tofauti na gari ambalo foo-wili yake hutiwa kwa kupenda. Gia ya tatu ya lo inakaribia kulingana na ya kwanza ya hai kwenye 1.41, kwa hivyo gari likishachukua mwendo, kanyaga klachi, vuta mkono wa transfa kwenda hai polepole, endelea. Kutoka lo kwenda hai inawezekana gari likitembea pole. Kutoka hai kwenda lo, kwako wewe nasema simama kwanza. Na upepo wa tairi upunguze ukiingia mchangani, uujaze tena ukirudi lamini. Hilo litakusaidia kuliko transfa yoyote.

Spidomita haitadanganya. Kwenye LT230 waya wake unachukua mzunguko upande wa kutokea, baada ya gia za hai na lo. Kwa hiyo ukibadilisha transfa usomaji unabaki uleule. Tairi ndizo zinazoidanganya, na hapa nina ombi: kabla ya kununua chochote, inama usome ubavu wa tairi zako. Naona 110 nyingi huku pwani zimevalishwa 205R16 kwa sababu ni rahisi kupatikana. Tairi hizo ni fupi kwa karibu asilimia 8 kuliko 7.50R16, na mizunguko ya injini inapanda kwa kiasi hicho hicho. Ikiwa ndizo unazo, sehemu ya kelele zako dawa yake iko dukani kwa tairi. 235/85R16 nazo zinafaa, urefu wake ni karibu sawa na 7.50.

Sasa namna ya kujua transfa gani unayo. Egesha gari mahali sawa na uweke vigingi kwenye magurudumu yote, vizito. Hili nakusisitizia kwa sababu limeshawaumiza watu: handibreki ya Land Rover haishiki magurudumu, inashika ngoma iliyoko nyuma ya transfa. Ukishafungua propela, handibreki haizuii kitu, na gari litaondoka likupite juu. Vigingi vikishakaa, fungua propela zote mbili pale transfani. Tia gia ya nne, ambayo kwenye giaboksi hiyo ni moja kwa moja, tia hai na difu loki, achia handibreki. Toa plagi za joto ili injini izunguke wepesi. Piga alama ya chaki kwenye puli ya kranki na nyingine kwenye ngoma ya handibreki, kisha zungusha kranki kwa spana mizunguko 10 kamili, ukielekea upande inaozungukia. Ngoma ikizunguka mara 6 barabara, una 1.667. Ikizunguka mara 7 na kidogo, una 1.41. Ikizunguka 8 na kidogo, basi mtu alishatangulia kukufungia ya Discovery, na shida yako iko kwingine kabisa.

Transfa iliyokwisha kushushwa, iko mezani, ni rahisi zaidi. Tia hai na difu loki, zungusha flenji ya nyuma mara 10 kwa mkono, uhesabu gia ya kuingilia mbele: 12 na kidogo, 14 na kidogo, au karibu 17. Usinunue transfa kwa maneno ya muuzaji. Zimechanganywa mno miaka hii yote, na nimeona za Defender zina matumbo ya Discovery.

Ukikuta yako ni 1.41 tayari na tairi ni 7.50, transfa iache. Kelele itafute kwenye mpira wa kushikilia injini, ekzosi inayogusa chasisi, na sakafu iliyong'olewa mazulia.

Ikiwa ni 1.667, tafuta transfa nzima ya 1.41 badala ya kubadilisha gia za ndani. Gari lako huenda lina LT230R, ambayo gia za kati zinakaa juu ya beringi za sindano. Iliyokuja baadaye, LT230T, ina beringi za mshazari, nazo zinastahimili zaidi. Ukiamua kubadilisha za ndani, gia zote za hai na za kati zitoke kwenye boksi moja; usiokote moja huku na nyingine kule. Transfa za Discovery ya pili ziepuke. Nyingi hazina mkono wa difu loki, baadhi hata difu loki yenyewe hazina ndani, na hakuna pa kuchomeka waya wa spidomita.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipita, nalo ndilo ninalolitazama kwanza transfa ikishashuka, ni meno ya shafti ya giaboksi, pale yanapoingia kwenye gia ya transfa. Ipanguse kwa kitambaa. Ukiona unga mwekundu kama kutu, na meno yamechongoka upande mmoja, basi oili ilikuwa haifiki hapo na shafti imekula. Gari la namna hiyo hugonga "tak" kila ukiachia au ukikanyaga mafuta, na siku moja linakataa kwenda: injini inanguruma, gia imeingia, magurudumu hayazunguki. Likikukuta baina ya Sala na Malindi machweo yameingia na wageni ndani, utaijua thamani ya kitambaa kile. Gia za kuingilia zilizotengenezwa baadaye zimetobolewa matundu ya kupitishia oili kwenye meno hayo. Transfa mpya ikija na gia yenye matundu, shukuru. Isipokuwa nayo, inunue kando uifunge. Na meno yakiwa yameshakula, usifunge gia mpya juu ya shafti mbovu, itaiharibu nayo.

Mikono ya kubadilishia ya gari lako iache iwe ileile, uihamishe kwenye transfa mpya, maana ya Discovery na ya Defender si sawa. Kupandisha transfa si kazi ya mtu mmoja na jeki ya mkono. Ni nzito na imeelemea upande. Tumia bolti ndefu tatu kuiongoza mpaka iingie, usiivute kwa bolti za kufungia. Sili ya baina ya giaboksi na transfa ibadilishe wakati uko hapo, kwa sababu LT77 hunywa oili nyembamba ya ATF na transfa hunywa 90, na sili ikichoka ya giaboksi inahamia transfa. Ringi za mpira za shafti ya kati nazo badilisha, hizo ndizo huvuja kwanza. Jaza 90 mpaka imwagike kwenye tundu la kupimia gari likiwa limesimama sawa. Lipeleke Gongoni urudi, kisha ingia chini utazame kila mshono kwa tochi, na ushike boksi kwa mkono: likiwa moto kiasi cha kutoshikika, beringi zimekazwa mno, lishushwe tena.