Jibu kwa kijana wa Hombolo anayetaka utajiri

Wiki iliyopita umeingia ujumbe wa kijana wa miaka 17, yuko kidato cha nne hapa Dodoma, kwao Hombolo. Ameanza kwa salamu kamili, halafu akaumwaga moyo wake. Anataka kuwa tajiri. Anataka nyumba Iyumbu hapa jijini, gari, na uwezo wa kumpeleka mama yake Hija. Shida yake ni kwamba kila akifunga sala, akili inakwenda kwenye ile nyumba, na akitoa salamu anajiona mnafiki. Rafiki zake wawili wanabeti, mmoja amechukua simu ya mkopo. Mwisho anauliza: "Kaka, kutaka vitu vizuri ni dalili ya imani ndogo?"

Waaleykum salaam, mdogo wangu. Si dalili ya imani ndogo.

Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma Julai 2016 ulikuwa mtoto wa shule ya msingi. Umekua ukiona mapori yanapimwa viwanja, Mtumba inageuka mji wa wizara, na magari ya vioo vyeusi yanapita ulipozoea kuona mikokoteni ya ng'ombe. Macho yaliyolelewa hivyo lazima yatamani. Na Qurani haikukataza kutamani. Surat Al-Qasas, aya ya 77, inamtaka mtu aitafute akhera kwa kile alichopewa na Mwenyezi Mungu, wala asilisahau fungu lake la dunia. Maneno hayo aliambiwa Qaruni, mtu ambaye funguo za hazina zake peke yake ziliwalemea watu wenye nguvu. Jibu lake liko kwenye aya ya 78: mali hii nimeipata kwa elimu niliyo nayo. Kauli hiyo na ufisadi wake ndivyo vilivyomdidimiza ardhini. Kwa upande mwingine yupo Abdurrahman bin Auf, sahaba wa Mtume. Alifika Madina mikono mitupu, Saad bin Rabii akataka kumgawia nusu ya mali yake, naye akamwombea baraka na kumwambia, nionyeshe soko liko wapi. Alirudi na samli na jibini, na hatimaye akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Madina.

Linaloniuma ni kwamba vijana wetu wanaambiwa "acheni dunia" kila Ijumaa, lakini ni nadra kukuta mtu akiwakalisha chini awafundishe kuikagua shilingi: imeingiaje, imekaa wapi, inatoka kwenda wapi. Matokeo yake wanabeba hatia kubwa isiyowafanyisha kazi yoyote. Wewe unajilaumu kwa nyumba ambayo bado haipo, na huku kwenye ujumbe wako kuna sentensi umeipita mbio: "mzee ana ekari mbili za zabibu, anauza kiwandani." Mimi nimesimama hapo.

Kiwanda ulichokitaja ni cha mvinyo. Hadithi ya watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe, iliyopokewa na Tirmidhi na Ibn Majah, haimtaji mnywaji tu. Inamtaja anayeikamua, anayekamuliwa, anayeibeba, anayeiuza na anayekula thamani yake. Kutokana na hapo wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu, wamesema kumuuzia zabibu mtu unayejua kwa yakini atazitengeneza pombe ni haramu, na ukiwa na shaka tu ni makuruhu, yaani jambo lisilopendeza ingawa si haramu. Kuuza "mchuzi wa zabibu", yaani zabibu zilizokwisha kukamuliwa, kwa ajili ya mvinyo ni kusogea karibu zaidi. Lijue hili bila kumgombeza mzee wako. Wakulima wengi wa Hombolo, Mpunguzi na Chinangali walipanda zabibu kwa sababu mnunuzi wa uhakika alikuwa kiwanda, na mti wa zabibu haung'olewi kwa hasira ya siku moja. Wanachuoni wanasema pia kwamba mtoto anayelishwa na mzazi hana dhambi ya chumo la mzazi. Wewe kula ushibe, usome, na umsaidie mzee kutafuta mlango mwingine.

Mlango huo unaanzia kwenye mbegu. Muulize mzee shambani kuna aina gani. Makutupora Red na Chenin Blanc ni zabibu za mvinyo: punje ndogo, zenye mbegu. Zinaliwa na zinatoa juisi nzuri, ila ukizikausha mbegu inabaki ndani, na mama anayepika pilau hatarudi kwako mara ya pili. Zabibu za mezani ni aina nyingine. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora hapa hapa Dodoma kinashughulika na zao hili, kwa hiyo ushauri wa aina na miche anzia huko. Mche mpya huhitaji karibu miaka 2 kabla ya mavuno ya maana, ndiyo maana nakushauri msibadilishe ekari zote 2 kwa mkupuo. Anzeni na robo ekari. Zabibu zilizobaki zipeleke sokoni zikiwa mbichi, au zifanye juisi.

Juisi ina hatari moja. Kwa joto la Dodoma juisi ya zabibu isiyopashwa moto huanza kuchacha ndani ya siku moja au mbili, kwa kuwa hamira ya asili iko kwenye ganda la tunda lenyewe. Ipashe hadi nyuzi joto 85, ishikilie hapo dakika chache, ijaze ingali moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa, ufunge papo hapo. Chupa ikitoa povu au mlio wa gesi unapoifungua, imwage. Usionje ili ujue.

Kukausha kuna faida kubwa kuliko vyote kwa mtu asiye na jokofu, na hapa majira yanakusaidia. Dodoma tunavuna mara mbili. Mavuno ya Februari na Machi yanaangukia kwenye mvua, kwa hiyo usijaribu kukausha, utapata ukungu. Mavuno ya Agosti na Septemba yanakutana na jua kali na upepo mkavu. Jaribu kwanza na kilo 40 tu, hata za zile zenye mbegu, ili ujifunze kazi, maana kilo 4 za zabibu mbichi hutoa karibu kilo 1 ya kavu, na hasara ya kilo 40 mzee ataisamehe. Kata vichala asubuhi kabla tunda halijapata joto. Kata vilivyoiva kweli, ambavyo mbegu zake zimegeuka kahawia. Zikikatwa changa huwa hazina sukari ya kutosha, na hukauka zikawa ganda tupu lenye ukakasi. Zioshe, zichuje, uzitandaze safu moja juu ya chanja cha wavu kilicho kimo cha kiuno, na juu yake ufunike chandarua. Watu wengi huziharibu kwa kuzitandaza juu ya turubai chini: vumbi letu likishanata kwenye sukari halitoki tena. Wengine huzirundika safu mbili tatu, zile za chini zinachacha. Zigeuze kila siku, jioni ziingize ndani zisipate umande. Baada ya wiki 2 hadi 3 chukua konzi moja uiminye kisha uachie. Zikiachana zenyewe, zimekauka. Zikibaki donge, zirudishe juani. Na usizifunge kwenye mfuko zikiwa na joto la jua, zitatoa jasho na kuota ukungu. Ukifika hatua ya kuuza dukani, nenda kwanza ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanawaongoza wajasiriamali wadogo kwenye vifungashio na alama ya ubora ya TBS.

Kuna haki ya watu ndani ya mavuno hayo. Zabibu ni katika matunda mawili, pamoja na tende, ambayo kwa Shafi yana zaka. Huanza kutolewa mavuno yakifika kiwango cha wasaki 5, kipimo cha zamani, karibu kilo 653 za zabibu kavu. Shamba la mvua linatoa asilimia 10, la kumwagilia kwa gharama asilimia 5. Zabibu ya aina isiyofaa kukaushwa huhesabiwa ikiwa mbichi kwa kiwango kile kile. Zaka ya mazao haingoji mwaka upite, hutolewa kwenye kila mavuno. Nimeona niliseme hili kwa sababu familia nyingi hutoa pishi zao za fitiri, vibaba vinne kwa kila kichwa, bila kukosa, halafu tani za zabibu zinaondoka shambani na hakuna aliyeuliza.

Sasa simu ya rafiki yako. Tufanye ni simu ya 350,000 dukani, kwa mkopo analipa kianzio 60,000 halafu 1,500 kila siku kwa mwaka. 1,500 mara 365 ni 547,500, ongeza kianzio inakuwa 607,500. Amelipa 257,500 zaidi. Je, ni riba? Wanachuoni wengi wanakubali kuuza kwa mkopo kwa bei ya juu kuliko ya taslimu, ikiwa bei yote imetajwa na kukubaliwa mwanzo na haibadiliki. Ikiwa kuna faini inayoongezeka kila akichelewa, hiyo ni riba ileile waliyokuwa nayo watu kabla ya Uislamu. Kwa hiyo asome masharti kabla ya kutia kidole. Hata ikiwa halali, kijana asiye na kipato anayedaiwa 1,500 kila asubuhi ataanza kwa kuomba nauli mara mbili, kisha ataingia kwenye mikopo ya simu, kisha ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, kausha damu. Weka 1,500 hiyo hiyo kwenye kibubu: siku 234 unazo 351,000, na simu ni yako bila kudaiwa na mtu.

Kubeti sitakuchosha nako. Ni kamari, Surat Al-Maida aya ya 90 imeitaja pamoja na pombe. Sheria ya nchi nayo inataka uwe na miaka 18, kwa hiyo rafiki zako wanatumia laini ya mtu mwingine, na hapo wameongeza uongo. Yule aliyeshinda na sasa anataka kutubu, fedha hiyo aitoe kwa masikini kwa nia ya kujitoa kwenye haramu, asitarajie thawabu ya sadaka. Asiirudishe kwenye mkeka wa kubeti "ili aikomboe hela yake ya mwanzo." Hapo ndipo wengi wanapozama.

Kuhusu sala yako inayovamiwa na nyumba ya Iyumbu: wazo kuja si unafiki. Urudishe moyo kwenye maana ya unachosoma, wazo likija tena urudishe tena. Lakini tengeneza na wakati wenyewe. Jua la Dodoma linavuka kichwa kama dakika 14 baada ya la Dar es Salaam. Kwa hiyo ratiba ya Dar unayosikia redioni si yako: Adhuhuri hapa inaingia kati ya saa 6:20 na saa 6:55 kutegemea mwezi, na anayefungua saumu kwa adhana ya Dar amefungua jua bado lipo. Tumia ratiba ya msikiti wa hapa. Alfajiri ya Juni na Julai ni baridi, na maji ya bomba la nje yanamvunja mtu moyo. Ndoo ya udhu ilale ndani, simu ilale chumba kingine. Siku za mavuno swali kwanza, halafu shika mkasi. Mwanga wa kukata vichala hautakuwa umefika kabla ya hapo, hivyo hupotezi hata kichala kimoja.

Na Novemba una mtihani. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, na bila kredi tatu kidato cha tano hakipo. Usome masomo yako ukijua kwamba hii nayo ni sehemu ya kutafuta fungu la dunia kwa halali. Kama unaogopa mkopo wa chuo kikuu kwa sababu ya ile asilimia 6 ya kulinda thamani, iliondolewa mwaka 2021. Tozo zilizobaki mpelekee sheikh unayemwamini, uwe na karatasi yenyewe mkononi. Usiulize kwa kukisia.

Limebaki la mzee. Usimwambie mbele ya wadogo zako, wala wakati anadaiwa na vibarua. Ngoja baada ya Isha, uende na daftari. Muulize kwanza kama ana mkataba na kiwanda na unaisha lini, maana ahadi aliyoweka sahihi haivunjwi kwa kukurupuka. Ampelekee sheikh amshauri atokeje. Kisha mwombe mistari minne ya shamba iwe ya kujaribia, iliyo karibu na nyumba ili chanja kilindwe na mbuzi. Ikipogolewa mwishoni mwa Aprili, itavunwa kama miezi minne baadaye, mwishoni mwa Agosti, jua likiwa pale pale unapolihitaji.