Jibu: Ni kweli watu wa milimani wenyewe wanashindwa bei ya ski?

Mdogo wangu, umeuliza kama ni kweli vile kaka yako alikuambia kwa simu, kwamba kule Alpes, milima mikubwa ya Ulaya, watoto wa pale pale wanaacha ski, ule mchezo wa kuteleza juu ya theluji, juu ya bei, na wewe unaona haiwezekani maana theluji inaanguka bure na milima ni yao. Ni kweli kabisa. Mi nimefanya sezoni kadhaa, ile kazi ya miezi ya baridi tu, upande wa Ufaransa kabla ya kurudi hapa Bukavu, nilikuwa jikoni kwenye hoteli, naosha vyombo, baadaye wakaniweka kwenye chakula cha asubuhi, na wengi niliofanya nao kazi walikuwa watu wa bonde lile lile, kwa hiyo hayo mambo niliyasikia kwao wenyewe kila baridi.

Tuanze na tiketi ya kupandishwa mlimani juu njo kitu kila mtu anaangalia. Pale Trois Vallées, eneo kubwa la Ufaransa lenye njia za ski karibu kilomita 600, mtu mzima analipa karibu euro 80 kwa siku moja, na hapo hujakodi ski wala viatu wala hujakula. Marekani ni mbaya zaidi. Vail, mlima wa ski wa Colorado, ilifunguliwa 1962 na tiketi ilikuwa dola 5, leo siku za watu wengi inapita dola 300, kwa mtu mmoja, siku moja! Na hiyo bei wameipandisha kwa kusudi. Mwaka 2008 kampuni ya Vail ilileta abonema ya sezoni nzima inaitwa Epic Pass kwa dola 579, sasa imeshapita 1,000, na akili yake ni kwamba unalipa mapema kabla theluji haijaanguka, ikianguka isipoanguka makuta yameshaingia kwao. Ili ukubali kulipa mapema lazima tiketi ya siku ikuogopeshe. Mtu anayefanya ski siku nyingi anapata faida kweli, siwezi kukataa. Ila yule mwenye watoto watatu, anayetaka kuwapandisha mara mbili tu kwa mwaka, hana dola elfu ya kutoa mwezi wa tisa, njo anabeba mzigo wote, na mara nyingi huyo anakaa pale chini ya mlima.

Lakini kwa maoni yangu tiketi siyo ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ni nyumba.

Kulikuwa na mama mmoja mpishi, tulikuwa tunaanza naye kazi saa kumi na mbili asubuhi. Baba yake alikuwa kati ya vijana waliobeba vyuma wakati wanajenga mashine ya kwanza ya kupandisha watu pale kijijini, yeye mwenyewe alijua ski tangu mtoto mdogo. Nyumba waliyokuwa wanapanga, mwenye nyumba akaona akiipangisha watalii kwa wiki anapata zaidi kuliko mwezi mzima wa mpangaji, akawatoa. Wakashuka bondeni, mbali, basi asubuhi basi jioni. Sasa sikia hapa: komini ya kule juu, yaani serikali ya kijiji, inawapa wakaaji wake abonema kwa bei ya chini sana, lakini lazima uonyeshe karatasi kwamba unakaa pale. Siku waliyohama wakapoteza ile bei. Watoto wake wakawa watalii kwenye mlima wa babu yao, wanapanda siku shule inawapeleka, basi. Mi hiyo iliniuma sana, na mpaka leo nikisikia mtu anasema wenyeji wanalalamika bure namkumbuka yule mama.

Na siyo Ufaransa peke yake. Park City kule Utah, Marekani, walinzi wa mlima wa ski, wale wanaookoa watu na kulipua theluji kabla haijaporomoka, waligoma mwisho wa 2024 karibu wiki mbili katikati ya sikukuu, walikuwa wanadai mshahara wa kuanzia utoke dola 21 kwa saa ufike 23, juu maisha ya pale yanawashinda. Fikiria, mtu analinda roho za watu wanaolipa mamia ya dola kwa siku na yeye hapati mahali pa kukaa.

Ndiyo, gharama za kweli zipo pia. Theluji ya chini imepungua kwa ajili ya joto, wanatengeneza ya mashine, hiyo inakula maji na umeme, na mashine mpya ya kupandisha watu ni mamilioni ya euro. Ila hizo hazielezi kwa nini nyumba zinakaa giza karibu mwaka mzima, madirisha yamefungwa, mwenye nyumba anakuja wiki mbili!

Sisi watu wa Bukavu hatupaswi kushangaa. Angalia ziwa letu, kuanzia Nguba mpaka Muhumba, kuta na mageti, mtoto wa Kadutu anaona Kivu kila asubuhi akiwa juu kule kwao lakini akitaka kuoga anatafuta kapenyo katikati ya parseli za watu. Ni jambo lile lile, ziwa halikuhama.

Kuna waliojaribu kuzuia. Uswisi walipiga kura 2012, nyumba za likizo zisipite asilimia 20 ya nyumba zote za komini. Ufaransa mwezi wa 11, 2024 wakatoa sheria inayoruhusu komini kupunguza siku ambazo mtu anaweza kupangisha watalii nyumba anayokaa mwenyewe, kutoka 120 mpaka 90 kwa mwaka. Mi naona sheria za nyumba zinasaidia wenyeji kuliko kuwapunguzia tiketi. Na kuna mlima mmoja wa ski Vermont, Marekani, unaitwa Mad River Glen, tangu 1995 ni wa kooperative, wanaopanda pale ndio wenye hisa, hiyo naipenda kuliko zote.

Sasa kaka yako kama anataka kweli kwenda kufanya sezoni, asidanganywe na mshahara ulioandikwa juu. Aulize kwanza kama wanampa chumba, wako wangapi ndani, wanakata ngapi kwa mwezi, na kama abonema ya mlima iko ndani ya kontra. Chumba kisipoandikwa mule asisaini, juu akifika mwezi wa 12 hatapata pa kulala kwa bei yoyote anayoweza.