Kwa nini riba ya Marekani iangushe sarafu ya nchi nyingine?

Swali: Nasikia benki kuu ya Marekani ikipandisha riba, bei za hisa na hatifungani hushuka, na nchi za mbali hushindwa kulipa madeni. Riba moja inawezaje kufanya yote hayo?

Jibu: Tuanze na hatifungani, yaani hati ya mkopo inayomlipa riba mwenye nayo, maana hesabu yake iko wazi. Chukua hatifungani inayolipa 50 kila mwaka bila kikomo. Riba ya sokoni ikiwa asilimia 5, itanunuliwa kwa 1,000. Riba ikifika asilimia 10, hakuna atakayetoa zaidi ya 500, kwa sababu 500 hizo akiziweka penginepo zitamzalishia 50 zilezile. Aliyekopa hajakosa kulipa hata senti, ila nusu ya bei imepotea. Hisa na nyumba huvutwa na nguvu hiyohiyo, ingawa si kwa hesabu safi namna hii.

Kwenye madeni, watu huuliza nchi inadaiwa kiasi gani. Mimi naona swali la kwanza ni: inadaiwa kwa sarafu gani, na riba yake inabadilika? Mexico ilikuwa imekopa dola kwa riba inayobadilika. Riba ya Marekani ilipokaribia asilimia 20 mwaka 1981, gharama ya madeni yaleyale ikapaa, na Agosti 1982 ikatangaza kwamba haiwezi kulipa.

Thailand inafundisha zaidi, hasa kuhusu sarafu: riba ya Marekani ikipanda, wawekezaji huvutwa kuhamishia fedha huko, na sarafu wanazoziacha hushuka. Sarafu yake ilishikiliwa karibu na baht 25 kwa dola, na kwa kuwa mkopo wa dola ulikuwa na riba nafuu, kampuni nyingi zilikopa dola huku mapato yao yakiwa ya baht. Wawekezaji walipoanza kuondoa fedha, benki kuu ya Thailand iliitetea baht kwa kuuza dola hadi sehemu kubwa ya akiba yake ya dola ikafungwa kwenye mikataba ya kuuza dola baadaye. Tarehe 2 Julai 1997 ikaiachia baht ishuke. Januari 1998 dola moja ilipita baht 50. Kampuni iliyodaiwa dola milioni 1 sasa ilihitaji zaidi ya baht milioni 50 badala ya milioni 25, bila kukopa kitu kipya.

Hapo benki kuu hubanwa kotekote, na ndiyo sehemu inayoniumiza kila ninapoifundisha. Ikipandisha riba ili kuzuia fedha zisitoke, inawakaba wakopaji wa ndani na benki zao. Ikiishusha, sarafu inazidi kuanguka na deni la dola linavimba.

Kwa hiyo ukitaka kujua nchi gani iko hatarini, usiishie kwenye deni lote. Japani ina deni la serikali linalozidi mara mbili ya pato lake la mwaka, lakini ni la yeni. Yeni ikishuka, deni hilo halivimbi. Linganisha madeni ya kigeni yanayotakiwa kulipwa ndani ya mwaka mmoja na akiba ya fedha za kigeni. Kwa Thailand, katikati ya 1997, madeni hayo yalikuwa yameizidi akiba.