Maswali na Majibu: Dima, Taa za LED na Mita Inayokimbia

Nimefunga taa za LED zenye dima sebuleni, na tangu hapo uniti zinaisha upesi. Je, mita imeharibika? (Msomaji, Nkuhungu)

Si lazima. Dima, yaani swichi ya kupunguza mwanga wa taa, hukata sehemu ya kila nusu-wimbi la umeme kisha huuachia mkondo upite kwa mkupuo, mara 100 kwa sekunde katika umeme wetu wa 50 Hz. Baadhi ya mita za kielektroniki hupima mkondo kwa koili ya Rogowski, ambayo huitikia kasi ya mabadiliko ya mkondo; mkupuo ukiwa mkali kuliko saketi yake inavyoweza kuhimili, hesabu huvurugika. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walitangaza kwamba kati ya mita 9 walizozijaribu, 5 zilisoma zaidi ya matumizi halisi, kiwango cha juu kikiwa ziada ya asilimia 582, na 2 zilisoma pungufu kwa takriban asilimia 30. Mzigo wao, yaani vifaa walivyoviunganisha kwenye mita, ulikuwa mgumu kwa makusudi, kwa hiyo usiende dirishani kudai fidia kwa takwimu hizo. Ondoa dima wiki moja, matumizi mengine yabaki vilevile, kisha linganisha uniti. Dima za bei ya kutupa, zisizo na kichujio cha kulainisha mikupuo hiyo, mimi nisingezifunga hata stoo.

Fundi alipima mita kwa birika, akasema ni nzima. Nimwamini? (Msomaji, Kisasa)

Mwamini kuhusu birika. Mkondo wake hufuata wimbi la volti bila mikupuo, na mita inaweza kuusoma barabara kisha ikakosea kwenye dima. Kama mita imeandikwa 1,600 imp/kWh (mimweko 1,600 kwa kila kilowati-saa) na vifaa vingine vyote vimezimwa, birika la wati 2,000 hukifanya kitaa chake kimweke mara 160 kwa dakika 3. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 207, tarajia kama 130, wala si kosa la mita.

Nikinunua umeme mwanzoni mwa mwezi napata uniti chache. Ni LED? (Msomaji, Manyoni)

Soma risiti: kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU tangu 2021, na swali hili nimelijibu mno.

Kile kifaa cha kuchomeka ukutani kinapunguza matumizi? (Msomaji, Mpwapwa)

Hapana. Kwa kawaida ndani yake mna kapasita na kitaa, ilhali mita ya nyumbani inatoza kilowati-saa, ambazo kapasita haizipunguzi. Kikianza kupata joto, kichomoe mara moja.