Treni ya mezani: usianze na kichwa

Mwaka wa kwanza wa ugonjwa wangu huu wa kutengeneza treni za mfano nilianza na kichwa cha Garratt, yaani kile kichwa kirefu cha mvuke chenye boila katikati na seti mbili za magurudumu. Miezi 8 ya jioni, meza ya sebuleni, bati la shaba na pasi ya kulehemu, mke wangu akilalamika kwamba mapazia yananuka flaksi, ile dawa ya kulehemia. Siku ya kukijaribu kilitembea kama sentimita 20, kikanyanyua mguu mmoja mithili ya mbwa aliyeona nguzo, kikalala ubavu.

Mjomba wangu alikuwa amekuja Dar kutoka Tabora kwa ajili ya macho yake, na ndiye aliyekuwa mtazamaji pekee. Mzee huyu alikuwa TXR reli ya kati mpaka anastaafu, yaani yule fundi anayekagua treni kabla haijaruhusiwa kuondoka. Aliangalia kile kichwa kilichoanguka, akaniuliza:

"Mabehewa yako wapi?"

"Bado sijatengeneza, mjomba."

"Sasa hiki kilikuwa kinakwenda kuvuta nini?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Akanieleza kazi yake ilivyokuwa. Treni ikiingia Tabora, kabla mabehewa hayajagawanywa ya Kigoma na ya Mwanza, anashuka na nyundo yenye mpini mrefu na kugonga gurudumu moja baada ya jingine. Zima linalia kama kengele. Lenye ufa linatoa sauti ya sufuria mbovu. "Kichwa kina watu wengi wa kukishughulikia," aliniambia, "lakini treni inaangushwa na gurudumu la behewa la 14 ambalo hakuna aliyelitazama."

Tangu siku ile kila anayeniandikia kwamba anataka kuanza treni za mfano namwambia hivyo hivyo: weka kichwa pembeni, tengeneza behewa moja la mizigo. Likikubali kutembea, tengeneza mengine matatu. Haya ndiyo niliyojifunza njiani.

Kwanza hesabu ya ukubwa, maana hapo ndipo wengi wanaponunua vitu visivyoingiliana. Njia ya mfano inayopatikana kirahisi kuliko zote duniani ni ile ya upana wa milimita 16.5, ya saizi iitwayo HO, ambayo uwiano wake ni 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Ukitaka kutengeneza SGR huna tabu: milimita 1435 gawanya kwa 87 unapata 16.5. Lakini mimi nataka reli niliyokua nayo, ile ya mita moja. Gawanya 1000 kwa 87 unapata 11.5, kwa hiyo ungehitaji njia ya milimita 12. Njia hiyo ipo, na ina uzuri wake, kwa sababu TAZARA nayo (milimita 1067) inaangukia 12.3, hivyo njia moja inabeba zote mbili bila jicho kulalamika. Ubaya ni kwamba mota, gia na magurudumu ya upana huo ni vya kutafuta kwa tochi.

Mimi nilipita mlango wa nyuma. Badala ya kupunguza njia nilikuza treni. Kwa uwiano wa 1:64, reli ya mita moja inakuwa milimita 15.6. Ukiiweka juu ya njia ya 16.5 umekosea kwa milimita 0.9, na sijaona mgeni aliyewahi kuigundua. Watu wa Afrika Kusini na New Zealand, ambako reli ni za 1067, wanatumia ujanja huu siku nyingi, na kwao hesabu inakaa vizuri zaidi. Faida yake ni kwamba chesesi yoyote ya HO iliyotumika, hata ile ndugu aliyokuletea kutoka Ulaya na bodi lake limevunjika, inakufaa. Unatupa bodi, unabaki na kinachozunguka.

Sasa behewa. Bodi lake halinipi shida na sitakaa sana hapo. Plastiki bapa ya mabango ya matangazo, ile ya milimita 1, inakatika kwa wembe na kugandishwa vizuri. Jalada la faili la plastiki linatosha kwa milango. Ukikosea unakata jingine.

Magurudumu usitengeneze. Nunua ya chuma, na kabla hujayaweka popote pima nafasi iliyopo kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Kwa njia ya 16.5 inatakiwa iwe karibu milimita 14.5. Ikipungua hata nusu milimita, gurudumu litapanda kwenye pointi, pale njia inapogawanyika. Ikizidi, litabana. Mimi nilitumia venia, kile kipimo cha kubana cha mafundi, mwanzoni, nikachoka, nikakata kipande cha shaba chenye unene huo kamili ambacho sasa nakipitisha kati ya magurudumu kama mtu anayepima nyama kwa kidole. Kikipita kwa kugusa tu pande zote mbili, sawa. Zungusha ekseli nusu, pima tena, kwa sababu gurudumu lililopinda litakudanganya upande mmoja. Katika pakiti ya kwanza niliyonunua, ekseli 3 kati ya 10 zilikuwa zimebana. Ile Garratt yangu? Nilipoipima baadaye, ekseli ya mbele ilikuwa 13.8. Miezi 8.

Kisha bogi, yaani kile kigari cha magurudumu kinachozunguka chini ya kila mwisho wa behewa. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu iwe ya mashimo, na behewa linataka hivyo hivyo. Skrubu ya bogi moja ikaze kiasi kwamba bogi inageuka kushoto na kulia lakini haichezi kama bembea. Ya pili ilegeze izunguke na pia iyumbe upande kwa upande. Ukizikaza zote mbili, reli ikipanda kidogo upande mmoja behewa linasimama kwa miguu miwili. Ukizilegeza zote, litakuwa linalewa njia nzima. Kujaribu, weka behewa juu ya kipande cha kioo, bonyeza kila kona kwa ukucha. Kona ikishuka na kurudi kwa sauti ya "tik", bado.

Uzito nao. Behewa jepesi linaruka kwenye kona, hasa likiwa katikati ya treni ndefu na kichwa kinavuta mbele. NMRA, chama cha Marekani cha treni za mfano, kina kanuni ya HO inayofanya kazi: kwa vipimo vyetu ni karibu gramu 28, ongeza gramu 5.6 kwa kila sentimita ya urefu. Behewa langu la 1:64 lina sentimita 19, kanuni inasema kama gramu 134, na kwa kuwa ni kubwa kuliko la HO mimi nalipeleka 150. Uzito natoa Feri, soko la samaki. Wavuvi wanauza chubwi, zile risasi za mshipi, na zinaingia chini ya sakafu ya behewa bila kuonekana. Weka katikati na chini kabisa, mizani ya jikoni itakwambia ukifika. Nawa mikono ukimaliza, risasi si kitu cha kushika kisha ukala chapati.

Jambo moja la joto. Bogi nyingi siku hizi watu wanachapisha kwa 3D, na mimi pia. Plastiki ya PLA inalainika kwenye nyuzi 60 hivi. Niliacha boksi la bogi 6 kwenye dashibodi ya gari, saa sita mchana, Buguruni. Nilirudi nikakuta ndizi. Tumia PETG, plastiki inayostahimili joto zaidi.

Kuhusu meza, karatasi ya plaiwudi ni sentimita 122 kwa 244, na kila anayeanza anataka kuchora duara juu yake. Fanya hesabu kabla ya kununua. Ukiacha nafasi pembeni ili treni isidondoke, kona yako haiwezi kuzidi nusu kipenyo cha sentimita 55 hivi. Vichwa vidogo vitapita. Mabehewa marefu ya abiria yatapita yakiwa yamekunja uso, na kwa 1:64 mengine hayatapita kabisa. Mimi niliachana na duara. Nina rafu ya upana wa sentimita 40 inayotembea ukutani mita 5, yenye stesheni, njia tatu za kupanga mabehewa na ghala la pamba. Kazi yangu ni shantingi: toa hili, ingiza lile, panga treni ya Mwanza. Treni inayozunguka duara inachosha baada ya dakika 10, lakini kupanga mabehewa 7 kwenye njia tatu fupi kunaweza kukumalizia Jumamosi. Plaiwudi ipake rangi juu, chini na pembeni kabla ya kuweka chochote. Hewa ya Dar itaikunja usipofanya hivyo.

Hewa hiyo hiyo inakula reli. Reli za chuma za seti za watoto zinashika kutu haraka mno pwani, kwa hiyo tafuta za nikeli silva, kama za Peco. Zile klipu za kuunganisha reli na reli usizitegemee kupitisha umeme. Lehemu waya mwembamba chini ya kila kipande cha reli, zote zishuke kwenye nyaya mbili nene chini ya meza. Kazi hii inachosha mgongo, na ukiiruka utaifanya mwakani huku reli zimeshapakwa rangi na kumwagiwa kokoto. Kusafisha tumia spiriti na kitambaa cha pamba. Msasa unaacha mikwaruzo, na uchafu unapenda kulala humo.

Umeme wa HO ni volti 12 za moja kwa moja, na hapa sisi tuna bahati kwa sababu betri ya sola au ya pikipiki inatosha kabisa. Kidhibiti mwendo cha mota za volti 12 kinapatikana Kariakoo kwa mafundi redio, ongeza swichi ya miguu sita ya kugeuza mwelekeo, umemaliza. Lakini weka fyuzi. Nasema hivi kwa sababu siku moja gurudumu la chuma liliacha njia juu ya pointi, likagusa reli zote mbili, na mimi nilikuwa jikoni namimina chai. Kidhibiti chenyewe kilikuwa cha ampea 10, kwa hiyo hakikushtuka. Nilinusa kabla ya kuona. Ekseli ilikuwa imepata moto hadi kisanduku cha bogi kimeyeyuka chini kama mshumaa, na taruma mbili za plastiki zimeungana na reli. Betri haina huruma na shoti. Fyuzi ya ampea 2, karibu na betri, waya mwekundu. Siku hizi ndiyo kitu cha kwanza ninachofunga.

Mabehewa manne yakishatembea mbele na nyuma kwenye pointi zote, kwa kusukumwa na kidole, bila kuanguka, hapo ndipo uguse kichwa. Na kianze kuwa cha dizeli, juu ya chesesi iliyonunuliwa. Bodi la dizeli ni sanduku lenye madirisha. Utalipenda.

Garratt nilirudi kwayo mwaka wa tatu. Nilikwenda Nairobi, kwenye jumba la makumbusho la reli, na tepu ya fundi seremala na daftari. Darasa la 59 lilitengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester, vichwa 34, katikati ya miaka ya 1950, kila kimoja kikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Viwili vilivyobaki viko pale, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, na nilitabasamu peke yangu kwa sababu Gelai iko kwetu karibu na Ziwa Natron, na Shengena ni ya Upare. Kichwa kina zaidi ya mita 31 na tani zaidi ya 250. Ukisimama ubavuni pake unaelewa kwa nini picha hazitoshi. Ukienda, piga picha huku tepu imeshikwa mbele ya kila gurudumu, na upige pia kile ambacho hakuna anayepiga: chini ya kibanda cha dereva na mahali boila linapokalia egemeo. Nyumbani ndipo utakapotaka kujua bomba lile linakwenda wapi.

Ajabu ni kwamba Garratt si katili kama nilivyodhani. Boila liko katikati, na chini yake kuna seti mbili za magurudumu, mbele na nyuma, kila moja inajipinda kwenye kona kivyake. Kimsingi ni behewa refu lenye bogi mbili kubwa, na behewa nilishajua kulitengeneza. Niliweka mota moja kila upande, za aina moja, baada ya kuzijaribu kwa volti sawa mezani na kuona zinazunguka kwa mwendo unaokaribiana. Umeme unachukuliwa na pande zote mbili, kwa waya laini unaopita chini ya boila. Kilichonitesa ni zile fimbo za pembeni zinazounganisha magurudumu. Magurudumu ya kulia lazima yatangulie ya kushoto kwa nyuzi 90, na ekseli zote nne zilingane. Mara ya kwanza nilipanga kwa macho, kichwa kikawa kinachechemea. Mara ya pili nilitengeneza kibao chenye mifereji ya kushikilia ekseli na pini mbili za kushikilia mikono ya gurudumu kwenye pembe sahihi, gundi ikauka humo humo. Kikatembea. Nikakipaka damu ya mzee, rangi yake ya zamani.

Mjomba alipokuja tena mwaka jana nilimwonyesha Garratt ikivuta mabehewa 9. Aliitazama ikipita mara mbili, akainua mkono nisimamishe. Akachukua behewa la sita, akalishika karibu na sikio, akazungusha gurudumu moja kwa kidole.

"Hili limelegea, mjomba."

Nilileta kipande cha shaba. Upande mmoja kilipita bila kugusa.