Maswali ya Wasomaji: Sanamu Ndogo Kwenye Theluji

SWALI: Nakusanya sanamu za wahusika zenye urefu wa sentimita 15. Nikizipiga picha uani kwenye theluji, theluji inatoka ya kijivu, na kivulini ni buluu tupu. Kamera yangu mbovu?
*Msomaji, Minneapolis, Marekani*

JIBU: Kamera ni nzima, kinachokosea ni kipima mwanga chake. Kimetengenezwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina mwangaza wa wastani, kwa hiyo kikikuta weupe umejaa, kinapunguza mwanga mpaka theluji ifanane na jivu. Ongeza mwanga mwenyewe kabla ya kupiga, kwenye kipimo cha +/- cha kamera: +1 siku ya mawingu, +1.5 hadi +2 jua likiwaka. Ukingoja kuongeza baadaye kwenye kompyuta, chenga (vidoa vidogo vinavyochafua picha) huzidi. Angalia histogramu, ule mchoro wa mlima kwenye skrini unaoonyesha giza kushoto na mwanga kulia: mlima usogee kulia bila kugonga ukuta, ukigonga, undani wa theluji umeshapotea na haurudi. Sanamu nyeusi ikijaza fremu, kosa linageuka, basi usiongeze kitu. Kwa simu, gusa theluji iliyo karibu na sanamu, shikilia mpaka kipimo kijifunge, kisha telezesha alama ya jua juu.

Buluu inatoka angani, kwa kuwa kivulini jua halifiki. Weka mizani ya rangi ya kamera (white balance) kati ya Kelvin 6500 na 7500. Lakini buluu usiimalize yote. Theluji isiyo na buluu hata kidogo hufanana na chumvi.

SWALI: Mbona theluji yangu inaonekana kama mawe yaliyomwagwa miguuni mwa sanamu?
*Msomaji, Oslo, Norwei*

JIBU: Hapa ndipo picha nyingi zinapoharibikia. Sanamu hizi ni za kipimo cha 1:12, kwa hiyo donge la milimita 5 kwake ni sawa na sentimita 6, ukubwa wa yai la kuku. Chukua chekeche la unga, lile la matundu madogo kabisa, uchekechee theluji kavu juu ya mandhari mpaka ifunike unene wa sentimita 1 hivi. Theluji kavu hupatikana baridi ikishuka chini ya nyuzi -5. Karibu na nyuzi 0 hushikana: nzuri kwa kufinyanga vilima, haichekecheki. Usijazie kwa unga wa ngano. Ukilowa unageuka gundi, na kuutoa kwenye viungo vya sanamu ni kazi ya siku nzima.

Nyayo zipigwe kwa miguu ya sanamu yenyewe, na wewe ukae upande wa kamera tu. Lala kifudifudi juu ya turubai, lenzi iwe usawa wa macho ya sanamu. Tumia tundu la lenzi la f/5.6 hadi f/8. Kwa f/2, tundu pana zaidi, pua inakuwa kali na masikio yanafifia, na mtazamaji anagundua mara moja kwamba ni kitu kidogo.

Theluji inayoanguka kweli haisaidii, kila kipande kinapita mbele ya lenzi kikubwa kama mto wa kulalia. Afadhali mwenzio apulize theluji iliyochekechwa kwa mrija, kutoka ubavuni, jua likiwa nyuma ya sanamu ili chembe ziwake. Kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde huzigandisha hewani. 1/60 huzifanya mistari ya dhoruba. Flashi ya kwenye kamera izime.

SWALI: Mkono wa sanamu umekatika kwenye kiwiko nilipoukunja nje. Niliukunja polepole!
*Msomaji, Toronto, Kanada*

JIBU: Upole hausaidii, plastiki ikipoa inakakamaa na pini nyembamba ya kiungo ndiyo inayokatika. Mkao wote upangwe ndani. Kisha iache sanamu nje dakika 15 kabla ya kuigusisha theluji. Ikiwa bado na joto la sebuleni, theluji inayeyuka juu yake halafu inaganda kuwa barafu. Kiungo kikigoma, rudi ndani ukiloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika mbili. Kuisimamisha, funga waya wa milimita 1 kwenye kifundo cha mguu, uache sentimita 8 za kuchomeka chini. Theluji ya kando ya barabara usiitumie, ina chumvi, na baadhi ya sanamu zina skrubu za chuma.

Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti. Na kamera itiwe kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri ukiwa bado nje, usiufungue ndani mpaka ipite saa moja au mbili, la sivyo lenzi inalowa umande.